Ushauri nasaha kwa simu Kigali: Ni nani aliye upande wa pili wa laini?

Mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Kigali aliyekosa usingizi kwa wiki ya tatu mfululizo huenda anajua fika mahali pa kwenda kuomba msaada. Kinachomzuia ni swali jingine: nani atamwona akiingia katika chumba cha mshauri, na kuanzia siku hiyo atatazamwaje darasani, kanisani na nyumbani?

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanyika Rwanda mwaka 2018 chini ya taasisi ya tiba ya nchi hiyo, RBC, ulionyesha ukubwa wa tatizo hilo. Miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 14 hadi 65, takriban mmoja kati ya watano, yaani asilimia 20.5, alikuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili. Asilimia 61.7 ya waliohojiwa walijua pa kupata msaada. Waliosema wamewahi kuzitumia huduma hizo walikuwa asilimia 5.3 pekee.

Kati ya kujua na kwenda, basi, kuna umbali ambao matangazo peke yake hayawezi kuuondoa. Ndiyo maana msaada unaotolewa kwa mbali, iwe kwa simu, kwa ujumbe mfupi au kwa video, unaonekana kuwafaa vijana wa vyuo. Hauhitaji kupanga foleni wala nauli, na hakuna jirani anayeshuhudia. Hata hivyo, uzoefu wa Rwanda yenyewe unaonyesha kuwa kufungua laini ni hatua rahisi. Ugumu huanza pale simu inapopokewa.

Kizazi kilichozaliwa baada ya 1994

Wanafunzi wanaojaza kumbi za mihadhara za Gikondo, Nyarugenge na Gisozi hivi leo walizaliwa miaka kadhaa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hawakuyaona, lakini wamelelewa na walioyaona. Utafiti huo wa 2018 ulibaini kuwa sonona iliwapata asilimia 35 ya manusura, ikilinganishwa na asilimia 12 katika jamii kwa jumla. Kwa upande wa msongo unaofuata kiwewe, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 27.9 dhidi ya asilimia 3.6.

Nyuma ya tarakimu hizo wamo wazazi, wajomba, shangazi na walimu. Mtoto aliyekulia katika nyumba ambamo baadhi ya majina hayatajwi, au ambamo mwezi Aprili hupita kwa ukimya mzito, hufika chuoni akiwa na mzigo ambao hajui aupe jina gani. Juu ya mzigo huo huongezeka mambo yanayomkuta mwanafunzi popote Afrika Mashariki: ada, fedha za kujikimu zinazochelewa, mitihani ya marudio, na hofu ya kuhitimu bila kazi.

Lugha nayo ina nafasi yake. Kinyarwanda huiita sonona agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Kiwewe huitwa ihahamuka, neno linalobeba picha ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu. Wanyarwanda pia wana methali isemayo amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Kijana aliyelelewa na methali hiyo hawezi kutarajiwa kubisha mlango wa daktari kwa wepesi. Pengine ataweza kunong'ona kwenye simu, usiku, bila kutaja jina lake.

Jaribio ambalo halikupangwa

Kabla ya simu, vijana walikuwa na njia zao. Mwaka 1996 wanafunzi manusura wa Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare walianzisha chama cha AERG. Kwa kuwa wengi wao walikuwa yatima, waliunda familia miongoni mwao, wakamchagua mmoja kuwa baba, mwingine mama, na waliobaki wakawa watoto. Familia hizo zilifuatilia nani amekosa darasa, nani hali chakula, nani amejifungia chumbani. Miaka mingi baadaye, kwa msaada wa shirika la Survivors Fund, AERG iliendesha pia laini ya simu ya bure kwa ushauri nasaha na wa kisheria.

Kisha ukaja mwaka 2020. Shule na vyuo vilifungwa katikati ya mwezi Machi kutokana na janga la corona, na siku chache baadaye nchi nzima ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje. Tarehe 7 Aprili, kumbukumbu ya 26 ya mauaji ya kimbari ilifanyika bila matembezi wala mikesha. Familia ziliomboleza zikiwa nyumbani, zikifuatilia redio na televisheni.

Katika miaka ya kawaida, mtu anayezidiwa na kumbukumbu wakati wa maombolezo hushikwa mkono na wahudumu waliopo papo hapo, akaketishwa pembeni na kupewa maji. Safari hii mkono huo haukuwepo, na simu ikalazimika kuchukua nafasi yake. Kilichokuwa nyongeza kikawa njia kuu, tena katika majuma magumu kuliko yote ya mwaka.

Fundisho la aprili ile lina pande mbili. Simu iliweza kufika mahali ambapo mtu hangeweza kufika. Lakini pia ilidhihirika kwamba nyumba si lazima iwe mahali pa faragha. Mwanafunzi anayetaka kuzungumza kuhusu baba yake hawezi kufanya hivyo akiwa sebuleni pamoja na baba huyo. Hali ni hiyo hiyo katika hosteli za Kigali, ambako chumba kimoja hutumiwa na watu kadhaa.

Huduma inapozimika

Rwanda ina mfano mwingine ulio karibu zaidi na teknolojia. Mwaka 2016 kampuni ya Babylon yenye makao yake London ilianza kutoa matibabu kwa simu nchini humo kwa jina la Babyl. Hata mtu mwenye simu ya kawaida, isiyo na intaneti, aliweza kuzungumza na muuguzi au daktari. Mwaka 2020 serikali ilitia saini nayo mkataba wa miaka 10, na waliojiandikisha walizidi milioni mbili. Mwaka 2023 kampuni mama ilianguka kifedha, na huduma ya Rwanda ikafungwa.

Babyl haikuwa huduma ya afya ya akili pekee, na waliokuwa na homa au malaria waliweza kurudi katika kituo cha afya. Kwa mwenye sonona hasara ni ya aina nyingine. Anayepata nafuu kwa kuzungumza hutegemea mtu anayeijua habari yake tangu mwanzo. Mazungumzo hayo yanapokatwa ghafla kwa sababu za mizania ya kampuni iliyo ng'ambo, mgonjwa huanza upya, au huacha kabisa. Swali la nani anagharimia laini, na kwa muda gani, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Nyuma ya laini

Msingi wa kuunganisha simu na huduma za ana kwa ana upo. Hospitali za wilaya zina vitengo vya afya ya akili, na hospitali ya Ndera, pembezoni mwa Kigali, hupokea wagonjwa waliozidiwa. Kinachotakiwa ni njia inayojulikana kutoka kwenye simu hadi huko: mshauri anayepokea simu saa saba za usiku kutoka kwa kijana anayefikiria kujidhuru lazima ajue ni nani wa kumwamsha, na gari litatoka wapi. Bila rufaa ya namna hiyo, simu humwachia mshauri hofu na humwacha mpigaji peke yake.

Uhaba wa wataalamu hauna budi kukubaliwa waziwazi. Zimbabwe ilitafuta jibu kwa kuwafunza akina bibi kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, katika mpango ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573, ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Familia za AERG zilikuwa zimekwisha kufanya jambo linalokaribiana na hilo. Wanafunzi waliofunzwa vizuri, wakisimamiwa na wanasaikolojia, wanaweza kuwa wapokeaji wa kwanza.

Usiri nao unahitaji zaidi ya ahadi. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza iwapo mazungumzo yake yanarekodiwa, na iwapo chuo chake au mlezi anayemlipia ada anaweza kuyaona.

Halafu kuna suala la lugha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi Rwanda mwaka 2017, na vyuo vya Kigali vinapokea wanafunzi kutoka Kongo na Burundi. Mtu anaweza kufanya mtihani kwa Kiingereza na bado akashindwa kulilia mama yake kwa lugha hiyo. Laini inayojibu kwa Kinyarwanda na Kiingereza pekee itawaacha nje baadhi ya wale walio mbali zaidi na nyumbani.

Kipimo kipi?

Miradi ya aina hii hupenda kuripoti idadi ya simu zilizopigwa. Ni tarakimu rahisi kupatikana, na inaeleza zaidi kuhusu matangazo kuliko kuhusu tiba. Kipimo chenye maana kwa vyuo vya Kigali ni idadi ya wanafunzi waliopiga mara ya pili, wakapokewa na mtu yule yule, na walipohitaji zaidi ya maneno wakafikishwa walikopaswa kufika.

Pengo la mwaka 2018, kati ya asilimia 61.7 na asilimia 5.3, halitazibwa na programu mpya ya simu peke yake. Litapungua pale mwanafunzi aliyekosa usingizi atakapomwambia mwenzake wa chumbani, bila aibu, kwamba alipiga simu na kwamba kesho yake alipigiwa tena.

Ikiwa wewe au mtu unayemfahamu anapitia wakati mgumu, zungumza na mtu unayemwamini au fika katika kituo cha afya kilicho karibu. Nchini Rwanda, namba ya bure ya sekta ya afya ni 114.