Mashanta ya Wageni na Likizo Zetu

Kila mwanafunzi wa shule hii aliyepata ruhusa ya kwenda Himo siku ya Jumamosi amewaona. Husimama pale njia panda juani, na mashanta mgongoni makubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, wakingoja gari. Wengine wametoka Kenya kwa njia ya Taveta na Holili. Wengine wateremka kutoka Marangu, nyuso zimebabuka kwa jua na baridi ya mlimani, na baada ya siku mbili watakuwa Unguja wakioga baharini. Sisi huwatazama, tukacheka viatu vyao, tukarudi shuleni kula ugali na maharage. Habari yao imekwisha.

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme kwamba haifai iishie hapo. Maoni yangu ni kuwa nasi yatupasa kuvaa shanta na kwenda visiwani tungali wanafunzi, tena shule yetu yaweza kutusaidia bila gharama kubwa. Najua wapo wazazi na walimu watakaoliona jambo hili kuwa upuuzi. Nawaomba wanisome hata mwisho, ndipo wanihukumu.

Mtu asiseme kuwa watu wa huku hatusafiri. Twasafiri sana. Hakuna mji wa Tanzania usio na duka la Mchaga, na ifikapo Desemba mabasi yote ya kutoka Dar es Salaam hujaa watu wanaopanda kuja kula Krismasi nyumbani. Walakini safari zetu zote ni za namna moja. Twaenda kwa bibi, twaenda msibani, twaenda harusini, twaenda shuleni, kisha twarudi. Njia ya Same, Mombo, Korogwe na Chalinze twaijua kwa mahali pa kununulia chakula tu. Mwezi wa pili niliwauliza wenzangu darasani ni nani amepata kuvuka bahari hata kisiwa kimoja. Waliojibu ndiyo walikuwa wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Nilipowauliza ni nani amefika lango la Marangu, lililo juu yetu hapa hapa, mikono iliyoinuliwa haikuwa mingi vile vile, nami wangu haukuwamo.

Mimi nilivuka mwishoni mwa kidato cha tatu, nami nataka kueleza ilivyokuwa, maana maoni yangu yametoka huko.

Kaka yangu anafanya kazi dukani Kariakoo. Kwa muda wa miezi minane niliuza maparachichi na kuku wawili wangu mwenyewe, nikapata nauli ya basi, naye akaahidi kunilipia boti. Nilipomwambia Baba, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, “Huko Unguja tuna ndugu gani?” Nikamjibu kuwa hatuna. “Basi unakwenda kwa nani?”

Sikuwa na jibu. Kwetu mtu haendi mahali, huenda kwa mtu. Nimelifikiri sana swali lile tangu siku hiyo, wala siamini kuwa Baba aliuliza vibaya.

Neno la pili la Baba lilikuwa bahari. Alinitajia meli ya Bukoba iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, akiwa yeye bado kijana. Akanitajia Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, na Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Mamia ya watu walikufa, na ile ya mwaka 2011 ilikuwa imepakia watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Haya si maneno ya woga, ni mambo yaliyotukia. Mwishowe Mama ndiye aliyesema, “Mwache aende, labda akirudi ataacha kuulizauliza.” Baba akakubali kwa sharti moja: nikiona chombo kimejaa hata mtu hana pa kupitishia mguu, nishuke, hata nauli ikipotea. Sharti hilo nalipenda hata leo, na ningetaka liandikwe juu ya kila barua ya ruhusa.

Boti iliyotuvusha ina jina la Kilimanjaro. Yaani mlima wetu umekuwa ukienda na kurudi Unguja kila siku, na sisi tulio chini yake tumebaki tunauangalia! Safari ni ya saa mbili hivi. Wageni hutapika juu ya Kilimanjaro kwa sababu ya kimo chake, mita 5,895. Mimi nilitapika mara mbili ndani ya Kilimanjaro nikiwa usawa wa bahari kabisa.

Habari za Mji Mkongwe sitazieleza sana, kwa kuwa zimo vitabuni, nanyi mwajua kuwa mwaka 2000 ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Niseme tu kwamba kusoma habari za biashara ya watumwa katika kitabu cha historia ni jambo moja, na kusimama Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko lao hadi mwaka 1873, ni jambo lingine. Nilikaa pale kitambo nisiweze kumwambia kaka neno. Baadaye tulikwenda sokoni Darajani, nikaomba nyanya, na mwenye meza akacheka akasema, “Tungule, ndugu yangu.” Mimi niliyepata alama nzuri ya Kiswahili nilifundishwa Kiswahili na muuza mboga.

Kutoka Unguja tulikwenda Pemba, na humo melini ndimo nilimopatwa na jambo lililonifanya niandike makala haya. Karibu nami alikuwa ameketi kijana wa Kijerumani, shanta lake katikati ya miguu. Aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Himo, nikidhani hatapajua, maana hata Dar es Salaam hutulazimu kuongeza “karibu na Moshi.” Akafurahi sana. Alikuwa amepita Himo majuma mawili yaliyopita, akala ndizi za kuchoma pale njia panda. Halafu akaanza kunieleza habari za Ziwa Chala: jinsi lilivyo ndani ya shimo la volkano, jinsi maji yake yanavyopita chini ya ardhi kutoka mlimani kwetu, na jinsi mpaka wa Tanzania na Kenya unavyokata katikati ya maji. Akaniuliza, “Wewe wapenda upande gani?”

Nilisema uongo. Nilisema napenda upande wa Tanzania, nami sijapata kukanyaga huko maisha yangu yote, ingawa wapo watu wa Himo wanaokwenda kwa baiskeli.

Ndugu wasomaji, sikuona haya kwa sababu yule alikuwa Mzungu. Niliona haya kwa sababu alikuwa kijana aliyenizidi miaka mitatu au minne tu, hakuwa na fedha nyingi, alikuwa akila mkate na maji, na alikuwa anaifahamu nchi yangu kuliko mimi.

Pemba tulikaribishwa Wete na mama wa mfanyakazi mwenzake kaka. Nilikuwa nimedhani kisiwa ni mchanga na minazi, kumbe Pemba ni vilima na mabonde, kijani kila upande, hata asubuhi ya kwanza nilidhani niko Kilema. Tofauti ni harufu ya karafuu, zilizoanikwa juu ya majamvi kando ya njia. Yule mama alituandalia chakula kama watoto wake. Jioni akaniuliza, “Ati ni kweli barafu ya huko kwenu inakwisha?” Nikamwambia ni kweli, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imetoweka. Akataka kujua ile iliyobaki mtu akiikaribia inaonekanaje. Nikashindwa. Nilimweleza jinsi inavyoonekana kutoka uwanja wetu wa mpira.

Nilirudi siku chache kabla ya Krismasi, katika basi lililojaa watu wanaokwenda kwa bibi.

Sasa wapo watakaosema nawasifu wageni. Siwasifu kwa kila jambo. Yule anayebeba shanta lake Afrika nzima, akifika lango la Marangu humpa ndugu yetu alibebe, na kanuni ya hifadhi ni kuwa mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20. Ni kazi ya halali, nayo imelipa ada za wengi katika shule hii. Lakini baba wa rafiki yangu amepanda mlima ule mara nyingi hata hesabu imempotea, na hajapanda hata mara moja bila mzigo wa mtu mwingine. Tangu mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, ndivyo safari zilivyogawanywa huku kwetu: wao hutazama, sisi hubeba. Nami naona dawa yake ni mmoja wetu apande siku moja akiwa na mzigo wake mwenyewe tu. Kiingilio cha raia ni kidogo mno kuliko cha mgeni, na nauli ya boti ya kwenda Unguja kadhalika. Milango hiyo tumefunguliwa zamani.

Lililobaki ni mahali pa kulala, na hapa nataka kusimulia habari moja. Hao vijana wenye mashanta hulala katika nyumba za bei nafuu zilizo kila mahali duniani. Mwanzo wake ulikuwa shuleni. Mwaka 1909, huko Ujerumani, mwalimu mmoja aitwaye Richard Schirrmann alikuwa katika matembezi na wanafunzi wake, wakakutwa na mvua ya radi. Walipata hifadhi katika jengo la shule lililokuwa tupu kwa sababu ya likizo. Usiku ule mwalimu hakulala vizuri, akawaza: shule zote hizi hukaa tupu wakati wa likizo, kwa nini zisilaze watoto wanaotembea? Miaka michache baadaye nyumba ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa katika ngome ya Altena, na toka hapo jambo likaenea duniani.

Basi, mabweni yetu mwezi Juni yana nini? Vitanda vitupu, mlinzi, na paka wa jikoni. Bila shaka mabweni ya shule za Unguja na Pemba nayo ni hivyo hivyo. Shauri langu ni kwamba shule yetu iandikiane na shule moja ya bweni ya visiwani. Mwezi Juni wanafunzi wao ishirini waje walale hapa, tuwapeleke Chala, tuwapeleke lango la Marangu, tuwaonyeshe kahawa na tuwapikie mtori. Desemba ishirini wetu waende kwao. Kila mmoja abebe shuka, sahani na kikombe katika shanta lake, na walimu wawili wafuatane nao. Hapo mzazi akiuliza “Unakwenda kwa nani?” mtoto atakuwa na jina la kumtajia.

Mwalimu wangu mmoja, nilipomwonyesha shauri hili, aliniuliza habari za mitihani. Nilimjibu kuwa kidato cha tatu ndicho mwaka usio na mtihani wa taifa, na kwamba mimi nilikwenda na alama zangu za Jiografia hazikushuka. (Za Hesabu zilishuka, lakini zilikuwa zimeanza kushuka kabla.) Wazazi watasema juu ya fedha, nao wana haki, kwa hiyo tuanze mapema, kila anayetaka aweke kidogo kidogo tangu kidato cha kwanza kwa mwalimu wa Jiografia. Kazi za shamba wakati wa likizo ni neno gumu zaidi. Ndizi hazingoji, na wako wenzetu ambao likizo yao ndiyo mikono pekee aliyo nayo mama yao. Hao wasilazimishwe, wala wasichekwe. Ila siku kumi katika likizo nzima huenda zikapatikana nyumba nyingi.

Dada yangu mdogo, aliye kidato cha kwanza, aliniuliza kama mimi ningepata ruhusa kama ningekuwa msichana. Nilimwambia kweli, kuwa sidhani. Baba alikuwa akisikiliza, hakusema kitu. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutaka safari iwe ya shule, pamoja na walimu wa kike, wala isiwe ya mtu mwenye kaka Kariakoo.

Sisi wa kidato cha nne tutaondoka mwezi wa kumi na moja, na hata shauri hili likikubaliwa leo hatutaonja. Mimi nina mpango wa kwenda Chala kwa baiskeli siku ya pili baada ya mtihani wa mwisho. Shanta langu ni la mitumba, nalilinunua Himo, mkanda mmoja nimeushona mwenyewe kwa uzi wa viatu, na bado lina harufu kidogo ya karafuu. Limetundikwa juu ya kitanda changu, cha tatu toka mlangoni. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atakayekuwa na ruhusa ya wazazi Desemba hii na aje alichukue.