Usinichoree Sura ya Mchawi

Wapo wazee wa kanisa wanaotaka hadithi za kutisha za picha zipigwe marufuku katika nyumba za Kikristo. Siwaungi mkono. Lakini vijana wetu wa Mbeya na Iringa wanaozisoma kwenye simu, na ambao sasa wanataka kuzichora wenyewe kwa Kiswahili, nina ugomvi nao. Ugomvi wangu si damu wala majeneza. Ni sura.

Mwandishi anaweza kusema "mchawi" na kumwacha bila uso. Mchoraji hana nafasi hiyo. Lazima achore pua, macho na mgongo. Akiishiwa mawazo, kalamu yake hukimbilia pale pale: bibi kikongwe, mgongo umepinda, macho mekundu. Sisi wa nyanda za juu tunajua wekundu huo unatoka wapi. Ni moshi wa kuni, miaka hamsini ya kupuliza moto jikoni asubuhi za baridi. Katika nchi hii wapo bibi waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho hayo.

Tazameni Wazungu walivyoviharibu vitabu vyao wenyewe. Katika kisa cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde, alichokitoa Robert Louis Stevenson mwaka 1886, kila anayemwona Hyde anachukizwa naye, lakini akiulizwa ana kasoro gani hawezi kuitaja. Hyde hana alama kwa sababu Hyde ndiye Jekyll, daktari anayeheshimiwa, anayekula na marafiki zake meza moja. Mwaka 1943 kisa hicho kilichapishwa Marekani katika mfululizo wa Classic Comics, na jaladani Hyde akawa jitu la kutisha. Msomaji akapumua: huyo si mimi.

Mary Shelley, katika Frankenstein ya 1818, hakuficha kwamba kiumbe wake ana sura mbaya. Lakini kiumbe huyo anaongea, anasoma vitabu, na anayempokea kwa upole ni mzee kipofu. Wenye macho wanaporudi nyumbani ndio wanaompiga. Ukurasa huo ningependa kuuona umechorwa vizuri. Badala yake tunachorewa vyuma shingoni, vilivyotoka kwenye filamu ya 1931 wala havimo kitabuni.

Nasi tuna chetu. Katika Mirathi ya Hatari, riwaya ya C. G. Mung'ong'o ya 1977, anayerithishwa uchawi ni Gusto, kijana msomi, na anayemrithisha ni baba yake mzazi. Si bibi wa jirani. Anayetaka kuichora riwaya hiyo ampe Gusto uso wa kijana yeyote anayeshuka basi stendi ya Mafinga na begi la shule. Akimwotesha pembe, ameua kitabu.

Wala hili si jambo la vitabuni tu. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, mkoa uliokuwa sehemu ya Iringa hadi 2012, na serikali ikahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Walioshukiwa walikuwa watu wenye nyuso kama zetu. Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alidanganywa na umbo la Eliabu hadi Bwana akamkemea, na yeye alikuwa nabii.

Kanisa nalo lisijitoe. Nani alianza kutuchorea? Katika vitini vya shule ya Jumapili nimeona shetani mweusi tii mwenye mkia, na malaika mweupe pembeni yake, na bado tunavinunua. Mtoto aliyelelewa na picha hizo atamchoraje mchawi? Kabla ya kumnyang'anya kijana simu, walimu wa shule ya Jumapili wafungue kabati la ofisi wavitoe vitini hivyo. Na wachoraji, kabla ya kusambaza kazi zao, wapande kijijini wakamwonyeshe bibi mmoja michoro yao, wamuulize kama anamfahamu huyo waliyemchora.