Viwanja vya ndege vya mashambani vikaguliwe sasa

Ndege ndogo ikiserereka nje ya njia katika kiwanja cha shambani huko Naivasha au Gilgil, na abiria wakatoka hai, habari hufa upesi. Mabaki huvutwa kando na safari zikaendelea. Kimya hicho ndicho kinachotutia hofu.

Nakuru na Naivasha ziko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko ambavyo ingetua Mombasa, hivyo huhitaji njia ndefu zaidi ili isimame. Ongeza upepo unaogeuka ghafla kutoka kingo za Bonde la Ufa, udongo unaoteleza baada ya mvua, nyaya za umeme na wanyama. Rubani mzoefu hupita chini kwanza kuwatimua pundamilia na swara, akazunguka, ndipo atue. Busara yake ni ya kusifiwa, lakini usalama wa abiria hauwezi kuachiwa busara ya mtu mmoja.

Nakuru inayajua machungu ya ajali za ndege. Mbunge wake, Mirugi Kariuki, alikuwa miongoni mwa watu 14 waliofariki Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi ilipoanguka ikijaribu kutua Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Miaka mitatu kabla, Waziri wa Leba Ahmed Khalif alifariki ndege ilipogonga nyaya za umeme ikiondoka katika kiwanja kidogo cha Busia. Na Oktoba 2017, helikopta ilipotumbukia Ziwa Nakuru ikiwa na watu watano, familia zilikesha ufuoni siku baada ya siku zikisubiri miili.

Wanaohatarishwa si watalii na wenye mashamba ya maua pekee. Madaktari wa AMREF, wanaosafiri kwa ndege tangu 1957, hutegemea viwanja vya aina hii kumfikia mgonjwa ambaye barabara ingemchelewesha. Kiwanja kibovu humnyima mgonjwa huyo nafasi yake ya mwisho.

Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013 inaipa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) uwezo wa kukagua viwanja. Iutumie kabla ya mvua ndefu za Machi. Itangaze orodha ya viwanja vyote vya binafsi katika Kaunti ya Nakuru, urefu wa kila njia na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Kisichofaa kifungwe hadi kirekebishwe, hata kama mwenyewe ni mtu mzito. Wachunguzi wa ajali za ndege nao watoe hadharani ripoti za ajali zisizoua, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha penye kasoro mapema. Serikali ya Kaunti ya Nakuru isiidhinishe jengo wala nguzo ya umeme kwenye mkondo wa kutua, na zilizopo zihamishwe.