Mgodi Usiolishwa Hufa

Ndugu watu wa kazi wa Kolwezi, tupime nchi mbili zenye shaba: yetu na Zambia. Mwaka 1969 Zambia ilitoa zaidi ya tani 700,000. Mwaka 2000 ilibaki theluthi moja hivi. Gécamines ilipita tani 470,000 mwaka 1986; mwaka 2003 haikufika 20,000. Kwa nini? Kote kuwili faida ililiwa, mashine zikazeeka. Kwetu waliongeza fujo na vita. Mwaka 1990 Kamoto ikaporomoka. Ng'ombe alikamuliwa bila kupewa majani.

Leo mitaji ya wageni imerudi, na shaba ya Kongo imeipita ya Zambia kwa mbali. Tusishangilie bado. Sheria ya madini ya 2018 inasema: katika ushuru wa machimbo, asilimia 15 ni ya mji au sekta inayochimbwa, asilimia 10 ni ya vizazi vijavyo. Basi hesabu zibandikwe ukutani Dilala na Manika, kila mtu asome: zimeingia ngapi, kimejengwa nini? Shaba haioti tena kama muhogo. Ndugu, tudai hesabu!