Dola Isiyozaliwa ya Nyanda za Juu

Wako wasomi wasemao kuwa historia ni hesabu ya yaliyotokea, na kwamba kuuliza "ingalikuwaje?" ni mchezo wa watoto. Kinga yao ni methali: yaliyopita si ndwele. Lakini ni mganga gani agangaye yajayo bila ya kumwuliza mgonjwa yaliyompata? Kiswahili chenyewe kina kiambishi -ngali- kwa mambo yaliyoweza kuwa yasiwe. Lugha haitunzi chombo kisicho na kazi.

Oktoba 1925 walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini walikutana Tukuyu, kusini ya Mbeya, kwa wito wa Lord Delamere. Hakuwako mjumbe Mwafrika hata mmoja. Walitaka nchi zao ziungane, na Mzungu awe mtawala wake wa kudumu, tangu nyanda za Kenya mpaka Zambezi. Iringa na Mbeya zilikuwa pete ya katikati. Bila ya pete hiyo mnyororo usingalifunga. Walikutana tena Livingstone mwaka 1926, na Nairobi mwaka 1927.

Husemwa kuwa dola hiyo ilizuiwa na wema wa Uingereza. Gavana Donald Cameron aliipinga kweli, na apewe haki yake. Lakini hati ya udhamini wa Tanganyika, katika ibara ya 10, iliruhusu utawala wake kuunganishwa na wa nchi jirani za Mwingereza. Mlango haukuwa na komeo. Mwaka 1931 Martin Kayamba, Mtemi Makwaia na Francis Lwamugira walisafiri mpaka London, wakaieleza kamati ya Bunge pingamizi la watu wao. Kamati ikaamua kuwa wakati wa muungano haujafika. Kuyataja maamuzi ya wakubwa na kuyanyamazia maneno ya watu hao watatu ni kuandika nusu ya historia.

Tena ardhi iliyopigiwa hesabu Tukuyu haikuwa tupu. Wahehe wa Mkwawa waliipigania tangu Lugalo, 1891, hata kifo chake, 1898.

Atakaye kujua dola hiyo ingalikuwaje hana haja ya kubuni. Na amtazame ndugu yake aliyezaliwa. Katika Rhodesia ya Kusini sheria ya ardhi ya 1930 iliwatengea Wazungu wachache karibu nusu ya nchi. Mwaka 1965 wakajitangazia uhuru wao wenyewe, na damu nyingi ikamwagika kabla Zimbabwe haijapatikana mwaka 1980.

Basi swali la "ingalikuwaje" si mchezo. Mwanafunzi wa Iringa au Mbeya afundishwaye kuwa nchi yake haikuwa hatarini kamwe, hataitambua hatari ijapo tena na jina jipya, wala hatajua kuwa ardhi anayoikanyaga ilipata watetezi.