Kamera Mbili za Marehemu Babu



Juma lililopita kijana mmoja wa hapa Maruku alinijia ofisini na mfuko mkononi. Ndani yake mlikuwa na kamera mbili za filamu alizoachiwa na marehemu babu yake: Zenit-E na Pentax K1000. "Shikamoo, Bwana Karani. Dada yangu afunga ndoa mwezi ujao. Nitumie ipi, niuze ipi?" Huenda na kwako imo moja sandukuni, basi sikiliza nawe.

Zote mbili ni za aina moja: ukichungulia, waona kwa lenzi ile ile ipigayo picha, kwa msaada wa kioo kidogo kilichomo ndani. Lakini tabia zao ni mbalimbali.

Zenit-E ilianza kutengenezwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1965. Ni nzito, tena haitaki betri hata kidogo. Kipima mwanga chake chaendeshwa na mwanga wenyewe. Ila kabla ya kupiga, sharti uzungushe pete ya lenzi kwa mkono, na hapo waona giza. Pazia lake la ndani hufunguka kwa 1/500 ya sekunde likienda haraka, na 1/30 likienda polepole. Ukitaka zaidi ya hapo, sharti ulishikilie kwa kidole. Kanisani penye kivuli hiyo ni taabu.

Pentax K1000 ni ya Wajapani, nayo ilitengenezwa toka 1976 hata 1997. Pazia lake laweza kukaa wazi sekunde nzima, au 1/1000 tu. Ndani waona mshale. Ukikaa katikati, mwanga watosha. Betri ni ya mshale tu. Ikiisha, kamera yaendelea kupiga. Canon AE-1, ya mwaka huo huo wa 1976, hukupimia mwanga na kujipanga yenyewe, lakini betri ikifa, nayo imekufa.

Basi kwa arusi nilimchagulia Pentax. Lakini hatari kubwa haimo katika jina la kamera. Mwaka 2009 nilipiga picha za arusi ya jamaa yangu kwa kamera ya kuazima. Nilihesabu picha 36, nikajisifu. Kumbe filamu haikushika. Ilibaki ndani ya mkebe wake. Mwaka uliofuata baba wa bibi arusi alifariki. Picha yake na binti yake siku ile haipo, na kosa ni langu.

Jifunze kwangu. Kihesabu chahesabu mkono wako, si filamu. Ukisha kukaza filamu, vuta kishikio huku ukitazama kitufe cha kuirudishia, upande wa kushoto. Kikizunguka, filamu yaenda. Kisipozunguka, simama.

Tena, usiifungie kamera katika mfuko wake wa ngozi. Unyevu wa kwetu huotesha koga ndani ya lenzi. Imulike kwa tochi; ukiona nyuzi kama utando wa buibui, picha zitafifia.

Nilimwambia kijana asiuze kitu bado. Kwanza apige filamu moja ya majaribio: migomba, kuku, mama yake mlangoni. Ikisafishwa ikawa njema, ndipo aende arusini. Filamu hununuliwa nyingine. Siku ya arusi hairudi.

Kwaherini hata juma lijalo.

Karani wenu, Maruku