Octavia Butler: Fundi Aliyevishwa Joho la Nabii

Riwaya ya Octavia Butler iitwayo Parable of the Sower ilitolewa mwaka 1993. Haikuingia katika orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi hadi mwaka 2020, miaka 14 baada ya mwandishi kufariki. Tangu hapo umeenea mtindo, hata miongoni mwa wahakiki waliotarajiwa kuwa waangalifu zaidi, wa kumwita mwandishi huyu nabii. Sifa hiyo ni tamu masikioni, lakini ndani yake mna dharau. Nabii hupokea, hatungi. Kumwita Butler nabii ni kumpokonya kazi yake ya miaka mingi na kuikabidhi nguvu isiyojulikana.

Ushahidi unaopendwa mno hutolewa katika Parable of the Talents (1998), ambamo mwanasiasa Jarret anawania urais kwa ahadi ya kuirejeshea Marekani ukuu wake. Donald Trump alipoutumia wito huo katika kampeni ya mwaka 2016, wasomaji walistaajabu. Wanaostaajabu hawakujishughulisha kuchunguza kwamba Ronald Reagan aliutumia wito uo huo katika kampeni yake ya mwaka 1980. Butler hakuuona katika njozi. Ulikuwa umekwisha kutamkwa hadharani alipokuwa mtu mzima. Vivyo hivyo mji wa Olivar katika riwaya ya kwanza, ambamo wakazi wanauza uhuru wao kwa kampuni ili wapate ulinzi. Hofu ya utumwa wa madeni inayouzunguka mji huo inatokana na historia ya wakulima weusi wa Kusini mwa Marekani, waliofungwa na madeni ya wenye mashamba baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865. Mwandishi aliyesafiri hadi Maryland kuutafiti utumwa kwa ajili ya Kindred (1979) hakuhitaji maono. Alihitaji kumbukumbu.

Mwenyewe alilieleza jambo hili waziwazi katika makala ya mwaka 2000: aliyatazama matatizo yanayopuuzwa leo, akayapa takriban miaka 30 ya kukua. Hiyo ni mbinu ya utunzi. Yaweza kufundishwa, kujadiliwa, hata kupingwa. Unabii haujadiliki, na pengine ndiyo sababu unawafaa wahakiki wavivu.

Maisha yake ya uandishi nayo yanaikataa dhana hiyo. Binti huyu wa mtumishi wa nyumbani, mzaliwa wa Pasadena, California, alikuwa akiamka saa nane za usiku ili aandike kabla ya kwenda kwenye vibarua vyake: kuosha vyombo, kukagua krispi za viazi, kuuza bidhaa kwa simu. Alihudhuria warsha ya Clarion mwaka 1970 na kuuza hadithi zake za mwanzo, kisha akakaa takriban miaka mitano bila kuuza nyingine. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilitoka mwaka 1976. Katika insha yake “Furor Scribendi” (1993) anawashauri waandishi chipukizi wasiutegemee msukumo wa ghafla, kwani mazoea ya kuandika kila siku ndiyo ya kutumainiwa.

Itadaiwa kwamba neno nabii ni sitiari tu. Hoja hiyo haina mashiko, kwa kuwa sitiari hii huamua kipi kisomwe. Kazi zisizoweza kulinganishwa na habari za magazetini huachwa pembeni. Wild Seed (1980) haitabiri lolote. “Bloodchild” (1984), ambamo wanaume wanabeba mayai ya viumbe wa sayari ngeni, nayo haitabiri; tena walipojitokeza wahakiki kuigeuza istiara ya utumwa, Butler aliwakatalia, akisema ni hadithi ya mapenzi na ya mwanamume mjamzito. Je, mtabiri wa kweli angebishiwa na wafuasi wake kuhusu maana ya kauli zake?

Nyaraka zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Huntington, California. Miongoni mwazo zimo rasimu za Parable of the Trickster, riwaya iliyokusudiwa kufuata zile mbili. Aliianza, akaiacha, akaianza upya kwa njia nyingine, mara nyingi. Hadi alipofariki mwaka 2006 hakuwa ameikamilisha.